Tusilipe kwa Woga, Tusikwepe kwa Ujanja

*Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mratibu wa chama katika mkutano wa tawi, Dar es Salaam, mbele ya wanachama, madereva wa daladala, waendesha bajaji na pikipiki, na wachuuzi wa mtaani. Wasomaji wengi wametuomba tuyachapishe.*



Tulipoombwa kusema leo, wengine walitazamia tuseme habari ya kadi na ada za uanachama, au habari ya uchaguzi. Hayo ni mambo makubwa, na siku yake itafika. Walakini leo tumechagua jambo ambalo machoni pa wengi ni dogo. Twataka kusema habari ya barabara: mahali pa kuegesha chombo, tochi ya askari, gari la kuvuta, faini, na ile karatasi anayopewa dereva akaambiwa asaini.

Mtu aweza kuuliza, chama kina shughuli gani na magurudumu? Jibu letu ni hili. Mwananchi wa kawaida hakutani na Bunge kila siku, wala hapandi ngazi za Mahakama Kuu. Serikali anayokutana nayo asubuhi ni askari aliyesimama njia panda, na mtoza ushuru mwenye mashine mkononi. Akitendewa haki hapo, ataamini kwamba nchi ni yake. Akionewa hapo, basi hotuba zetu zote atazisikia kama mlio wa debe tupu.

Kisa cha Mwenzetu

Tuanze na kisa cha kwetu wenyewe. Mwenzetu mmoja, mwanachama wa tawi hili, huendesha bajaji isiyo yake. Kila jioni humpelekea mwenye chombo hesabu ya shilingi 20,000, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Siku moja alimchukua mama mgonjwa akamfikisha mbele ya duka la dawa. Mama yule hakuweza kutembea peke yake, kwa hiyo mwenzetu akamshika mkono mpaka ndani. Alipotoka, alikuta bajaji imekwisha kufungwa nyuma ya gari la kuvuta.

Akauliza kosa lake. Akaambiwa ameegesha mahali palipokatazwa. Akauliza kibao kiko wapi. Akaonyeshwa nguzo ambayo kibao chake kilikuwa kimefunikwa na turubai la muuza mitumba. Akataka kueleza habari ya mgonjwa, akaambiwa, "Saini hapa, ulipe, uende zako." Akasaini bila kusoma. Alipofika yadi akadaiwa faini, gharama ya kuvutwa, na gharama ya kulaza chombo. Hakuwa na fedha zote. Kesho yake gharama ya kulaza ikaongezeka, na kesho kutwa hali kadhalika. Siku ya tatu ndipo alipokuja kwetu.

Tulifuatana naye mpaka ofisi moja hapa mjini. Hatukwenda kugombana. Tuliuliza mambo matatu tu: kosa hili limeandikwa katika sheria gani, kiasi cha kila gharama kimewekwa wapi, na risiti ziko wapi. Kijana wa dirishani hakuwa mtu mbaya. Alitusikiliza, akafungua faili, akatuonyesha sahihi ya mwenzetu. Akasema, "Huyu amekwisha kukiri." Na kweli, alikuwa amekiri. Juu ya faini hatukuwa na la kusema tena. Lakini juu ya gharama ya kuvuta, hakuna aliyeweza kutuonyesha mahali ilipoandikwa, na baada ya kwenda na kurudi mara tatu ikafutwa.

Bajaji ilitoka siku ya tano. Mwenye chombo alidai hesabu yake ya siku tano, yaani shilingi 100,000, na mwenzetu analipa deni hilo kidogo kidogo hata leo. Ndugu zetu, faini yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya hasara. Hasara kubwa ilitokana na siku zilizopotea, na siku zilipotea kwa sababu hakuijua haki yake katika ile dakika moja ya kusaini.

Nyani Haoni Kundule

Sasa tungeweza kusimama hapa tukawalaumu askari mpaka jua lichwe, nanyi mngetupigia makofi. Lakini mwalimu anayesahihisha madaftari ya wanafunzi na la kwake akalificha si mwalimu. Tusahihishe kwanza daftari letu.

Mtakumbuka siku ya mkutano mkuu wa tawi. Magari saba ya viongozi na wageni wetu yaliegeshwa pale nje, juu ya njia ya waendao kwa miguu. Akina mama waliotoka sokoni na mizigo vichwani walilazimika kushuka barabarani na kupishana na daladala. Watoto wa shule nao walishuka. Askari akaja, akaanza kuandika namba za magari. Mmoja wetu akatoa simu, akampigia mkubwa fulani, akampa askari aongee. Askari akasikiliza, akapiga saluti, akafunga daftari lake, akaondoka. Sisi tukacheka. Twasema sisi, kwa sababu hata sisi tunaosema nanyi sasa tulikuwapo, na tulicheka pamoja na wengine.

Wiki mbili baadaye bajaji ya mwenzetu ikavutwa.

Hatujui kama askari ni yule yule, wala si kitu. Neno letu ni kwamba ile simu ilikuwa somo. Ilimfundisha askari kwamba wako watu wasioguswa. Askari naye anatakiwa na wakubwa wake aonyeshe kazi ya siku. Asipoweza kumgusa mwenye gari kubwa, atamtafuta anayegusika, na anayegusika ni mwenye bajaji, mwenye pikipiki, na mchuuzi. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini hapa tembo hawakupigana hata kidogo, walipigiana simu tu, na nyasi zikaumia vile vile.

Kwa Nini Iwepo Sheria

Wako vijana wasemao kwamba sheria za barabarani ni mtego wa kuwakamua maskini, basi dawa ni kuzikwepa. Hilo hatukubaliani nalo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua kuliko jambo jingine lolote watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Maana yake ni kwamba wanaokufa ni sisi. Mwenye gari zito la chuma hupona. Mwenye kandambili na kikapu hubaki barabarani.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na katika vitabu vya sheria ni Sura ya 168. Sheria hiyo imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa magari mazito, yanayozidi kilo 3,500, mwendo hauruhusiwi kupita kilomita 80 hata nje ya mji. Hesabu hizi hazikutungwa ili dereva achelewe. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mwendo wa magari ukizidi kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali za kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Kofia ngumu nayo, ambayo vijana wengi huitundika kwenye usukani kama pambo, hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi. Na mnaopita kwa ujanja katika njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi hapa mjini Mei 2016, mwajua wenyewe kwamba basi lile halina nafasi ya kukukwepa.

Hata ushuru wa kuegesha una sababu yake. Mashine ya kwanza ya kulipia maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Shida ya mji ule ilikuwa kwamba watu waliegesha magari yao katikati ya mji asubuhi wakayaacha mpaka jioni, na mteja wa dukani akakosa mahali. Senti tano kwa saa ziliwafanya waondoke, na nafasi ikazunguka. Ushuru wa haki ni huo unaoizungusha nafasi ili kila mtu aipate. Ushuru unaotozwa mahali pasipo mstari wala kibao, kwa mtu asiyeambiwa, na usio na risiti, haumzungushi mtu yeyote isipokuwa mwenye fedha yake.

Sheria ya Kufukuza na Sheria ya Kulinda

Wazee wetu hapa wana sababu ya kuiogopa sheria ya mji. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa: Uzunguni kwao wazungu, Uhindini kwa Wahindi, na Kariakoo kwetu sisi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Kijana asiye na kazi ya kuandikwa aliitwa mhuni, akakamatwa, akarudishwa kwao. Katika siku hizo sheria ya mji ilikuwa mlango wa kumfungia Mwafrika nje, na mtu aliyeikwepa hakuonekana mwovu mbele ya jirani zake.

Siku hizo zimekwisha. Walakini desturi ni kitu kigumu kufa. Mwananchi bado anamkimbia mgambo kana kwamba mji si wake, na mgambo bado anamkimbiza kana kwamba ni mgeni aliyeingia kwa siri. Pande zote mbili zimesahau jambo moja: siku hizi mwenye mji ni mwananchi, na askari ni mtumishi anayelipwa kwa kodi yake. Kwa hiyo mwananchi ana wajibu wa kutii, na ana haki ya kuuliza. Kutii bila kuuliza ni utumwa. Kuuliza bila kutii ni fujo.

Tujifunze Kutofautisha

Sasa twaomba mtusikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Dereva akisimamishwa au chombo chake kikifungwa, kwanza ajue ni nani anayemdai na anamdai nini. Mambo ni matatu, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni kosa la usalama barabarani: kupita taa nyekundu, kuzidisha mwendo, kupakia watu kupita kiasi, kuacha chombo mahali pa hatari. Hilo ni jambo la askari polisi kwa sheria ya 1973. Askari aweza kumwandikia dereva taarifa ya kosa papo hapo. Dereva akikiri, hulipa faini iliyowekwa, na jambo huishia hapo. Asipokiri, ana haki ya kupelekwa mahakamani, na huko upande wa Serikali ndio utakaotakiwa kuthibitisha kosa. Kuchagua ni kwa dereva mwenyewe. Ile sahihi si salamu, ndugu zetu. Sahihi ni kukiri.

La pili ni ushuru wa maegesho. Huo ni malipo ya kutumia nafasi, hutozwa na mamlaka iliyopewa kazi hiyo, na mtoza ushuru si askari polisi. Hawezi kukushitaki kwa mwendo wala kukunyang'anya leseni. Lakini ukimkwepa, deni linabaki katika namba ya gari, nalo litakungoja.

La tatu ni masharti ya leseni ya kubeba abiria: njia ya daladala, nauli, na vituo. Hayo yako chini ya mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikachukua kazi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu.

Dereva akiuliza kwa adabu, "Afande, hili ni la sheria gani?" hajamtukana mtu. Ameuliza tu njia ya kwenda. Askari mwenye haki atamjibu bila kukasirika.

Tena, tuishike Katiba yetu ya mwaka 1977. Ibara ya 13 inasema kwamba mtu ambaye haki yake inaamuliwa na mahakama au chombo kingine lazima apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufani. Na kwamba mshitakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge au kwa utaratibu uliowekwa kisheria. Na halmashauri inapotaka kutunga sheria ndogo, wakazi hawana budi kutangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni na pingamizi, kisha Waziri aidhinishe, kisha itangazwe katika Gazeti la Serikali. Je, ni wangapi kati yetu waliokwenda kutoa maoni? Tangazo hubandikwa ukutani, mvua ikalilowesha, na sisi tunakuja kulia siku ya kulipa.

Mfano wa Mji wa Ferguson

Huenda mtu akasema, faini ni faini, yatupasa tulipe tukae kimya. Basi tumwonyeshe mahali ukimya unapofikia.

Katika jimbo la Missouri, Marekani, uko mji mdogo uitwao Ferguson, uliokuwa wakati ule na watu wapatao 21,000. Agosti 2014 askari wa mji huo alimwua kijana mweusi, na watu wakaandamana. Wizara ya Sheria ya Marekani ikafanya uchunguzi, ikatoa taarifa yake Machi 2015. Uchunguzi ulianza na bunduki, lakini ulichokuta chini yake ni faini. Wakubwa wa mji walikuwa wakiwahimiza polisi waandike makosa zaidi, si kwa sababu ajali zimezidi, bali kwa sababu mji ulihitaji fedha. Watu weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi. Lakini katika miaka ya 2012 mpaka 2014 walikuwa asilimia 85 ya madereva waliosimamishwa, asilimia 90 ya walioandikiwa makosa, na asilimia 93 ya waliokamatwa.

Taarifa ile ilieleza habari ya mwanamke mmoja mweusi aliyeegesha gari vibaya mara moja, mwaka 2007. Aliandikiwa makosa mawili, faini dola 151 pamoja na ada. Hakuwa na fedha. Wakati mwingine hakuwa na mahali pa kulala. Aliposhindwa kufika mahakamani au kulipa, akaandikiwa makosa mapya ya kutofika. Akakamatwa mara mbili, akalala jela siku sita. Alijaribu kulipa kidogo kidogo, mara dola 25, mara dola 50, mahakama ikamrudishia ikidai zote kwa pamoja. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amekwisha kulipa dola 550, na bado alidaiwa dola 541. Hayo yote kwa kuegesha gari vibaya mara moja.

Hatusemi kwamba hapa kwetu ni Ferguson. Twasema kwamba njia ya kwenda huko ni fupi, nayo huanza siku faini inapoacha kuwa dawa ya ajali ikawa mfuko wa mapato. Askari akihesabiwa sifa yake kwa fedha alizokusanya, atajificha kichakani na tochi mahali penye kibao kilichoanguka, badala ya kusimama wazi mbele ya shule watoto wanapovuka. Askari aliyejificha huipata faini baada ya kosa. Askari aliyesimama wazi hulizuia kosa lenyewe. Sisi twamtaka huyo wa pili.

Kudai kwa Njia ya Haki Kunazaa

Wala msidhani kwamba kudai ni kazi bure. Kwa miaka mingi mwendesha pikipiki alitozwa shilingi 30,000 kwa kosa moja, sawa na mwenye lori. Faini moja ilikula chakula cha siku kadhaa, na wengine waliona heri kuiacha pikipiki kituoni. Malalamiko yakasemwa vijiweni, yakafika kwa wabunge, na katika bajeti ya mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ikapunguzwa kuwa shilingi 10,000 kwa kosa moja. Hakuna kioo kilichovunjwa kwa ajili ya hilo.

Majirani zetu wa Kenya nao wametupa somo. Mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi, ushuru wa kuegesha gari katikati ya Nairobi ulipandishwa kutoka shilingi 140 mpaka 300, na kelele zikawa kubwa. Katika kaunti ya jirani, Kiambu, wakazi walikwenda mahakamani kupinga sheria ya fedha ya kaunti yao ya mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipotungwa. Angalieni vizuri: mahakama haikusema kwamba ushuru ni dhambi. Ilisema kwamba anayelipa ana haki ya kuulizwa kabla ya kutozwa.

Maazimio Yetu

Ndugu Mwenyekiti, maneno matupu hayavunji mfupa. Twaleta mbele ya mkutano huu maazimio matano, nasi twaomba yapigiwe kura leo.

Kwanza, simu ya mkubwa ikome. Kiongozi au mwanachama wa tawi hili akikosa barabarani, alipe kama mwingine, au apinge mahakamani kama mwingine. Atakayepiga simu ili aachiwe, jina lake lisomwe katika mkutano. Na magari ya siku za mikutano yaegeshwe uwanjani, si juu ya njia ya akina mama.

Pili, rushwa ikome, na ianze kukoma mikononi mwetu. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamhesabia kosa anayetoa na anayepokea. Yule anayekunja noti ndani ya leseni asije kwetu kulia kwamba askari ni wala rushwa; mchinjaji na mshika miguu wote wamekula nyama. Malipo yawe kwa namba ya malipo ya Serikali, na risiti itunzwe. Anayeombwa cha pembeni apige simu TAKUKURU, namba 113.

Tatu, tufungue darasa la sheria za barabarani hapa tawini kila Jumamosi jioni. Katika sisi wako waliosomea ualimu. Ubao tunao, chaki tunayo. Dereva asiyejua kusoma vizuri tutamsomea ile karatasi neno kwa neno, mpaka ajue mahali pa kukiri na mahali pa kukataa. Wazee wa vijiwe watuletee majina.

Nne, ichaguliwe kamati ya watu watano ipite mtaa kwa mtaa na kuandika kila kibao kilichoanguka, kilichofutika au kilichofunikwa, na kila kivuko cha watoto kilichopoteza rangi. Orodha ipelekwe kwa diwani na kwa mamlaka husika kwa barua, na nakala yenye mhuri wa mapokezi ibaki hapa. Na kwa kuwa turubai lililofunika kile kibao ni la ndugu yetu mchuuzi, kamati ianze kwa kumwomba alisogeze. Tumezungumza naye jana; amekubali.

Tano, tuanzishe mfuko mdogo wa kukopeshana, ili mwenzetu asiache chombo yadi siku tano kwa kukosa fedha za siku moja. Mfuko huo usilipe faini ya mtu aliyekosa. Umkopeshe tu, naye arudishe.

Tumekaribia mwisho. Mwenzetu wa bajaji yuko hapa, amekaa pale nyuma karibu na mlango. Ametuomba tusilitaje jina lake, nasi tumelihifadhi. Lakini ametupa ruhusa ya kusema jambo moja. Tulipomwuliza ni kitu gani kilichomwuma zaidi, tulidhani atasema zile shilingi 100,000. Hakusema hivyo. Alisema kilichomwuma ni kwamba alipotaka kueleza habari ya yule mama mgonjwa, hakuna aliyemtazama usoni.

Hilo, ndugu zetu, haliandikwi katika sheria yoyote, wala halina faini. Lakini ndilo tunalolitafuta katika mambo haya yote: mtu asimamishwe, aulizwe, asikilizwe, ndipo aamuliwe. Akiwa na kosa, alipe. Akiwa hana, aende zake akiwa na heshima yake kamili. Na sisi wenye kadi za chama tusiombe zaidi ya hapo, wala tusikubali pungufu yake.

 Mwenye swali na aulize.